Kofia za zamani zimejaa chini ya kitanda, nizionyesheje bila kutoboa ukuta na kwa hela ndogo?

Mdau_Chumbageni

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu hasa nyie wenye mikono ya ufundi. Mimi ni mtu wa kofia za zamani, nyingine nimerithi kwa babu mzaa mama, nyingine nimeokoteza mdogo mdogo kwenye mabelo ya mitumba, zile ambazo muuzaji anazirusha pembeni kwa sababu hakuna anayeulizia, sasa zimefika thelathini na kitu na zote ziko kwenye maboksi mawili chini ya kitanda zimebanana kama dagaa. Wife kaniambia ama zionekane ama ziondoke, na nikimuangalia naona ana pointi.

Nilizonazo ni hizi. Tarbushi jekundu la babu lenye kishada cheusi, juu limebonyea upande mmoja. Baraghashia za mkono, zile za viua, ukiangalia ule ushonaji unajiuliza huyu mtu aliona vipi usiku na koroboi, ila mbili zimeanza kuwa njano. Pama za felti kama sita hivi, moja ina unyoya pembeni na ndani ina mkanda wa ngozi wenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika. Helmeti moja nyeupe ile ya kikoloni waliyokuwa wanavaa ma-DC, yaani wakuu wa wilaya, nyepesi ajabu ukiibeba. Za ukindu za kutosha. Na kepu mbili tatu za miaka ya themanini sijui kama nazo zinahesabika.

Sasa shida zangu. Nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba akisikia drili anakuja na notisi. Sebule ina dirisha la magharibi, jua la saa kumi linaingia mpaka kwenye kochi. Halafu hapa Tanga mnajua wenyewe unyevu wa bahari, mkanda wa suruali ukiuacha kabatini masika nzima unautoa umeota ukungu. Bajeti elfu hamsini, tukibanana sana sabini. Kabati la vioo nimeuliza kwa seremala, alivyotaja bei nikamuuliza habari za watoto nikaondoka.

Mimi nimewaza kamba ya katani ukutani na vibanio vya nguo, kofia zinaning'inia mstari mzima. Mnaonaje?

---

Mzee_wa_Kijiwe

Zivae moja moja kila siku mkuu, mwezi ukiisha mtaa mzima umeziona bure 😂😂

Haya sasa tuwe siriazi. We uko Tanga unahangaika na nini, shuka pale wavuvi wanapopaki mitumbwi uombe wavu mkuukuu, wanatupa kila siku. Unautandaza ukuta mzima halafu unatundika kofia kwa ndoano za waya, unakata zile henga za dobi unazipinda kama herufi S. Kofia za ukindu kwenye wavu zinatoka kali sana, kuna baa moja ya ufukweni niliona wamefanya hivyo na kila mteja anapiga picha. Suala la kutoboa ni hivi, chukua mirunda miwili mirefu kama kimo cha chumba, ikate ipungue kidogo, simamisha mmoja kila upande wa ukuta halafu kaza kwa kabari ya mbao kwa chini, inajibana kati ya sakafu na dari, wavu unafunga kwenye mirunda. Ukihama unang'oa kabari unaondoka na maonyesho yako. Angalizo, kama dari ni jipsamu hii usijaribu, utanunua dari ya watu.

---

Fundi_Kibokoni

Ndugu yangu wa Tanga, hivyo vibanio usithubutu.

Mimi nashona kofia hapa Mombasa, kazi nimerithi kwa marehemu ami yangu. Kofia ya mkono ni vitambaa viwili vimepandanishwa na uzi umelazwa katikati, hio ndio inafanya isimame. Ukiibana ukingoni na kibanio, hata muda hautapita mrefu utaona alama za meno, na alama zile hazitoki mpaka uifue, na kofia ya zamani kila ukiifua waipunguzia umri. Vilevile usiikunje bapa vile wauzaji wanavyozipanga madukani, pale kwenye mkunjo ndipo uzi hukatika mwanzo. Nimeletewa kofia nyingi za wazee kutengenezwa, mahali pa kupasuka ni pale pale, mkunjo wa ukingo wa juu.

Sisi kofia ikitoka kufuliwa twaivisha faruma, lile gogo la mviringo, ikaukie humo ipate umbo lake. Wewe gogo huhitaji ila fikra ni ile ile, kofia yataka kichwa, haitaki msumari. Kichwa cha mtu mzima chacheza sentimita 56 hadi 58 kuzunguka, kwa hivyo upana wake ni kama sentimita 18. Sasa chukua uzi, zungusha ndani ya kofia, kata pale pale, utie mfukoni uende nao kwa wauza makopo matupu. Kopo la rangi la lita nne huwa linakaribia hapo, likipungua kidogo ndio vizuri zaidi kwa sababu bado utalivisha nguo. Chagua lisilo na kutu hata chembe. Lioshe, lianike likauke kabisa, lizungushie pamba ya mito, juu yake shuka kuukuu la pamba lililofuliwa mpaka likalainika, ulishone kwa chini kwa mkono. Kofia ukiivisha isikaze. Ipe msukumo wa kidole, ikizunguka ni sawa, ikigoma punguza pamba kwa sababu utaifumua mishono.

Kama makopo huna pesa yake, tengeneza pete kwa katoni. Kata ukanda wa katoni, urefu wake ule uzi wako ukipungua sentimita moja, kimo chake kipite kimo cha kofia kwa vidole viwili ili ukingo wa kofia usiguse meza. Uuvingirishe, ushike kwa uzi na sindano, uvishe kitambaa. Hio haina gharama kabisa na kofia thelathini zote zitapata vichwa.

Na kitu kimoja cha kukupendezea. Kofia za viua zile tundu ndogo ndogo hazionekani juu ya kitambaa cheupe. Kile kichwa kivishe kitambaa cheusi kwa ndani, utaona ua zima limetoka. Mtu aliyekuwa akiiona kofia ile ile miaka yote atakuuliza umeinunua wapi.

---

kayole_mbao

Sasa wadau. Mimi ni wa Nairobi, nyumba pia ni ya kurenti na caretaker wetu ni kama huyo wa Tanga, msumari mmoja ni maneno. Mimi nilisuluhisha na ngazi. Si ngazi ya duka, ni mbao za cypress zilizobaki kwa mjengo, nilipata kwa bei ya kuni, nikapiga randa na msasa, miguu miwili na vipandio vitano, inaegemea tu ukuta. Miguu ya chini nimegundisha vipande vya tube ya baiskeli isiteleze. Huko kwenu hata mianzi itafanya.

Trick iko kwa vipandio. Usiweke kofia moja kwa moja kwa mbao. Kila kipandio nimepigilia vikopo vya maziwa ya unga, chini ya kopo ndio imeangalia mbele, msumari unapita katikati ya kopo kwa ndani unaingia kwa mbao. Kopo nimelifunga na soksi kuukuu nzito, hizo za shule. Fedora inakaa hapo imeangalia watu kama picha na hiyo sehemu ya mbele ya kubonyezwa haiguswi. Ukitundika fedora kwa msumari mtupu, kile kichwa cha msumari kitatokea juu kama chunusi, nimeona kwa sebule za wazee wengi hapa, kofia ya buda imekaa kwa msumari miaka kumi na juu imetoa pembe.

Ingine, kofia ya ukingo mpana usiilaze kwa meza na ukingo chini. Uzito wote unaangukia ukingo na unanyooka, ile curve ya nyuma inapotea. Aidha iwe juu ya kitu au igeuze kichwa chini. Na ukiishika shika kwa ukingo mbele na nyuma na mikono miwili, usibonyeze pale juu na vidole viwili kama kwa sinema, hapo ndio felti hupasuka.

Kubonyea kwa tarbushi ni rahisi, chemsha birika, pitisha kwa mvuke, sukuma na ngumi kutoka ndani. Dakika mbili.

---

Bi_Mkubwa_Ng'ambo

Mwanangu wa Chumbageni, mie nipo Unguja na nimeshona kofia tangu kigori, nimesoma hayo ya fundi wa Mombasa na kasema kweli tupu, ila ntaongeza kidogo.

Hicho kitambaa cheusi, mwanangu, usije ukatia kaniki mpya. Kaniki inatoa rangi kwa jasho tu la mkono, seuze unyevu wa masika. Chukua cheusi chochote lakini kwanza kifue, tena kifue, kisha kitambaa cheupe ukirowanishe ukisugue juu yake. Cheupe kikibaki cheupe ndo utie ndani ya kofia. Kikitoa hata kivuli cha buluu, achana nacho.

Hizo mbili zilogeuka manjano usizitie jiki. Jiki inakula uzi, leo itakuwa nyeupe pepepe na mwakani itakatika mkononi mwako. Roweka kwenye maji baridi na sabuni kidogo ya kipande iloparuzwa, usisugue, ziache tu, maji yakigeuka rangi mwaga tia mengine, fanya hivyo mpaka maji yawe safi. Suuza mpaka utelezi wote utoke. Usiikamue, ivishe hapo hapo kwenye kopo lako na uianike kivulini penye upepo. Umanjano wote hautotoka na wala usiulazimishe, kofia ya mzee ni ya mzee.

Na wanga usitie. Najua kofia bila ya wanga inaonekana imelegea, lakini wanga ni wa kofia ya kuvaa Ijumaa, si ya kuweka miaka. Mende na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokula vitabu vinapenda wanga kuliko kofia yenyewe, vinalamba wanga na vinakata na nguo. Kichwa cha ndani ndo kiisimamishe, si wanga.

Karafuu, naam, tia kwenye kifuko cha kitambaa ukitundike karibu, lakini kisigusane na kofia, karafuu ina mafuta na mafuta yake yanaacha doa la hudhurungi halitoki. Udi wa chetezo mie naupenda lakini kwa kofia za kuvaa. Hizi za kuweka ukizifukiza kila wiki ule moshi unazipaka manjano pole pole, kisha utasema ni uzee.

---

stoo_ya_nyuma

Nimefanya kazi stoo ya makumbusho miaka mingi kwa hiyo naomba nipunguze kasi ya baadhi ya ushauri hapo juu, bila kumvunjia mtu heshima.

Kayole, mawazo ya ngazi na kopo nimeyapenda sana, ila huo mvuke wa birika hapana. Tarbushi ni sufu iliyoshindiliwa ikatiwa rangi, na rangi nyekundu za zamani ukizilowesha zinatembea, utapata mawimbi meusi ambayo huwezi kuyatoa tena. Mdau, libonyeze kutokea ndani kidogo kidogo, jaza vitambaa vya pamba vilivyofinyangwa laini, leo kidogo, wiki ijayo ongeza kidogo, hewa ya Tanga yenyewe ina unyevu wa kutosha kulilainisha. Halafu hebu chungulia ndani ya hilo tarbushi kama kuna lebo. Mengi yaliyokuwa yanauzwa dunia ya Kiislamu mwanzoni mwa karne iliyopita yalishonwa Austria, hasa mji wa Strakonice ambao leo uko Ucheki, mpaka mwaka 1908 Waottomani, ile dola ya Waturuki, waliposusia bidhaa za Austria kwa sababu Austria ilijitwalia Bosnia, tarbushi nalo likasusiwa. Na mwaka 1925 Atatürk, rais wa Uturuki, akalipiga marufuku kabisa nchini kwake kwa sheria. Kwa hiyo lebo ikiwepo usiifunike wala kuipiga gundi, hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kofia yako.

La pili ni zito zaidi. Pama za felti za zamani sana, zile laini zenye mng'ao zilizotengenezwa kwa manyoya ya sungura au ya mnyama aitwaye biva, zilitayarishwa kwa zebaki, ile metali ya majimaji yenye sumu. Marekani waliacha kwa amri mwaka 1941, lakini kofia za kabla ya hapo zebaki bado imo ndani ya felti. Haikuui kwa kuitazama. Lakini usiipashe moto wala mvuke, usiikung'ute ndani ya chumba kilichofungwa, watoto wasizivae kuchezea, na ukimaliza kuzishika nawa mikono. Kuzifuta vumbi tumia brashi laini ya nywele, ukiwa nje kibarazani, pitisha kuelekea upande mmoja kufuata malalo ya manyoya.

Jua. Hapa mkuu ndipo utapoteza vitu vyako. Rangi ikipauka hairudi, hakuna fundi wala dawa. Jua la magharibi la saa kumi likipiga tarbushi kila siku, mwaka hauishi utaona upande mmoja ni nyekundu na mwingine ni rangi ya tofali. Kwa hiyo ngazi yako iegemee ukuta ule ule wenye dirisha, jua lipite pembeni litue upande wa pili. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande cha kitenge chenye rangi kali, nusu ifunike na katoni, kibandike pale unapotaka kuweka kofia, mwezi mmoja baadaye funua. Ukiona mstari, hapo si mahali. Taa ya usiku iwe LED, haichomi.

Helmeti yako kuwa nyepesi hivyo ina maana ndani ni moyo wa mmea wa sola unaoota kwenye mabwawa ya India na Bangladesh, zingine zilikuwa za koki, ile ya vizibo vya chupa, ambazo ni nzito zaidi. Sola ukiibonyeza kwa kidole inabaki na shimo, na ikilowa inavimba. Isitundikwe kabisa, iweke juu ya kopo pana sehemu ambayo mtoto hafiki.

Wavu wa mvuvi ni mzuri ila uoshwe kwa maji baridi matamu mara kadhaa mpaka ukiulamba usisikie chumvi. Ninaposema ulambe namaanisha ulambe kweli. Chumvi inavuta unyevu hewani, na pale unapogusa kofia ndipo ukungu unaanzia. Zile ndoano za henga pia zifunge kwa kitambaa, waya ukishika kutu doa lake halitoki kwenye ukindu.

---

Mdau_Chumbageni

Aisee nyie watu. Nilikuja na vibanio vya nguo naondoka na chuo kikuu. Bi Mkubwa shikamoo, na asante sana, nilikuwa kweli nimeshanunua jiki iko jikoni, itabaki ya kuoshea choo.

Tarbushi nimechungulia, kuna karatasi ndani imechanika nusu, herufi za Kilatini zinaonekana chache halafu chini kuna Kiarabu, nitapiga picha nikipata mwanga mzuri.

Maswali mawili. Moja, kwenye pama moja nimeona vitundu vidogo pembeni na kama vumbi la rangi ile ile ya kofia, ni nondo hao? Nikiweka vidonge vya nafthalini kwenye ngazi si itatosha? Mbili, nina puto za sikukuu zimebaki, nimeona video mtu anabandika magazeti juu ya puto na uji wa ngano, ikikauka anapasua puto anapata kichwa. Hiyo si itakuwa rahisi kuliko kutafuta makopo?

---

stoo_ya_nyuma

Hao ni nondo, au tuseme watoto wao, yule mkubwa anayeruka hali kitu. Wanakula sufu, manyoya na unyoya, kwa hiyo hiyo pama yenye unyoya ndiyo itafuata. Itoe kwenye boksi leo leo, na lile boksi lipeleke nje.

Nafthalini usiweke sebuleni watu wanapokaa na kulala, ule mvuke wake ni sumu, na isitoshe kwenye ngazi iliyo wazi unapeperuka tu bila kuwafikia. Dawa ni friza. Ifunge kofia kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa bila kuibonyeza, funga kabisa kwa selotepu, weka kwenye friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, iache wiki mbili. Ukiitoa usifungue mfuko mpaka kesho yake, la sivyo umande utatua juu ya kofia badala ya juu ya mfuko. Pama na tarbushi zinavumilia. Helmeti usiweke.

---

Mzee_wa_Kijiwe

Friza wiki mbili na hizi umeme zetu? Kwanza hiyo friza aifanyie wapi, kwa muuza samaki? Kofia itoke hai ila inanuka changu 😂

---

stoo_ya_nyuma

Samaki si tatizo kama mfuko ni mzito na umefungwa mara mbili. Umeme ukikatika masaa machache na friza haijafunguliwa hakuna shida, ukikatika siku nzima anza kuhesabu upya.

---

kayole_mbao

Kwa hiyo ya puto, nimefanya, inatoka poa sana na haina gharama. Lakini usitumie uji wa ngano, Bi Mkubwa ameshasema kuhusu wanga, utakuwa umewapikia mende. Tumia gundi nyeupe ya mbao ukiichanganya na maji nusu kwa nusu. Puto ipulize mpaka ile uzi ya fundi izunguke, usipulize mpaka mwisho kwa sababu itakuwa na umbo la yai. Gazeti lipasue kwa mkono, usikate na makasi, kingo za kupasua zinalala vizuri. Layer tano sita, kila moja ikauke kwanza. Ukipasua puto kata chini iwe flat, tia kokoto kidogo ndani ya mfuko isianguke.

Stoo, niko sawa?

---

stoo_ya_nyuma

Uko sawa isipokuwa gazeti tupu lisiguse kofia. Karatasi ya gazeti ina asidi, unaona lenyewe linavyogeuka kahawia likikaa, na ile asidi inahamia kwenye kitambaa cheupe kilicholigusa. Katoni ya fundi nayo ni hivyo hivyo, ndiyo maana kasema ivishwe. Shuka kuukuu mara mbili, na kila mwaka lile shuka livuliwe lifuliwe. Ila sponji ya godoro msitumie hata ikivishwa, ikizeeka inakuwa unga unaonata.

Na Mdau, si lazima zote thelathini zikae nje. Weka kumi, nyingine zipumzike kwenye boksi, baada ya miezi mitatu badilisha. Wageni wataona kitu kipya na kofia zitapata likizo ya mwanga.

---

Fundi_Kibokoni

Hilo la kubadilisha nalipenda. Basi zile zinazopumzika uzifunge shuka na kila moja uitie kikaratasi, kimefungwa kwa uzi, kisibandikwe. Andika kwa penseli, si kalamu ya wino, wino wamwagika na unyevu. Jina la mwenyewe, mahali ilipotoka, na kama wamjua aliyeishona umuandike. Sisi tuna kofia za marehemu ami hapa na hakuna ajuaye ipi alishona yeye na ipi alinunua.

---

Mdau_Chumbageni

Sawa wakuu. Mpango ndio huu, ngazi ya mianzi ukuta wa dirisha, vikopo vya maziwa na soksi kwa pama, pete za katoni na shuka kwa baraghashia juu ya meza ndogo ya tivi, wavu kwa za ukindu nikimaliza kuulamba. Mianzi kuna jamaa Pongwe kanitajia bei inayoeleweka, makopo ya maziwa jirani ana mtoto mchanga, yapo ya kutosha. Naona nitabaki hata na chenji. Pama ya nondo imeshafungwa mfuko, friza ni ya dada yangu, ameuliza ni nyama gani nikamwambia ni ya kikoloni.

Kepu za themanini ndio sijaambiwa kitu.

---

Mzee_wa_Kijiwe

Kepu zile ndani ya lile shavu la mbele mara nyingi ni kadi, ikilowa imekwisha, kwa hiyo kuzifua kwenye beseni sahau, futa kwa kitambaa chenye unyevu basi. Za kwangu nimezipanga kwenye ungo, umeegemezwa ukutani, kila kepu imeshikwa kwa uzi unaopita pale nyuma kwenye kirekebisho halafu unapita kwenye matundu ya ungo. Ungo nimenunua sokoni, mama mtu kaulizia upo wapi wa kupepetea mchele nimenyamaza.

Hiyo pama yenye unyoya ikitoka friza utaiuza?

---

Mdau_Chumbageni

Siuzi. Na huo ungo mrudishie mama.